Siku Niliyotafsiri Biashara ya Moshi

Wacha niseme tu, maze, najua mtacheka: ni mimi nilifanya wageni kutoka ng'ambo walale njaa mchana ndani ya kanisa moja huko mtaa wa Congo, Kawangware, mchele ukiwa mbichi kwa sufuria, na baba ya Wanjiru, msichana niliyetaka kuoa, ameketi mstari wa mbele ananiangalia, Wanjiru mwenyewe kando yake.

Miaka ya tisini ilikuwa inaisha. Nilikuwa nauza viatu za mitumba soko ya Toi, na huyo mzee, mwenye ploti na nyumba za kukodisha, alikuwa ameapa hawezi patia muuza viatu msichana wake. Sasa wageni wakakuja kufundisha watu vile nchi zao zinapanga kuuziana ruhusa ya viwanda kutoa moshi, wakatafuta mtafsiri, pasta akanitaja (nilikuwa natafsiri mahubiri, na kwa mahubiri ukipotea unasema haleluya unaendelea). Mgeni mkubwa akanieleza yote mbio mbio, akauliza kama nimeshika. Nikasema, "Sana!" Sikuwa nimeshika kitu. Halafu, kwa ujinga wangu, nikamwalika mzee aje anione nikifanya kazi ya maana.

Basi wakagawa kadi, kila mtu zake, hizo ndizo ruhusa za moshi, na mchezo ulikuwa watu wauziane mpaka bei ijitokeze yenyewe. Akina mama wa kutoka Kibera wakaniuliza, "Tufanye nini na hizi?" Nikaangalia mgeni, nikaangalia kadi, nikasema kitu ya kwanza ilikuja kwa kichwa: "Ni kama chama, mama, ile ya zamu. Mnachanga." Woi! Hao hawaambiwi mara mbili. Wakachanga kadi zote, wakaulizana ni zamu ya nani, wakampa Mama Atieno muuza samaki, na vigelegele juu.

Mgeni akaona mchezo wake umeharibika. Akaniambia nitangaze kwamba asiye na kadi haruhusiwi kutoa moshi. Nikatangaza. Mama Nekesa, aliyekuwa anatupikia nje, akachungulia mlangoni: "Hata sisi wapishi?" Nikamuuliza mgeni kama ni watu wote, akasema wote. "Wote, mama." Akarudi nje, tukasikia tu maji ikimwagwa kwa moto.

"Mama Atieno, si urudishe hizo kadi!" nikaomba.

"Nirudishe zamu yangu? Wewe kama nani?"

Hapo baba ya Wanjiru akasimama. "Kijana, niko na wapangaji wengi na wote wanapika. Hebu nielezee, huu moshi anauza nani, na ananunua nani?"

Kizungu ikaisha, Kiswahili ikaisha.

"Sijui, mzee."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Akavaa kofia yake, akatoka. Wanjiru aliniangalia kidogo, nikadhani atabaki, kisha akamfuata baba yake.

Siku hizi nikielezwa kitu isiingie kwa kichwa, nasema hapo hapo irudiwe, watu wacheke wakitaka. Wanjiru aliolewa Dagoretti. Huyo bwana yake, nasikia, anauza viatu.