Jeshi Langu la Wafini na Aliyeomba Kupangwa

Najua mtasema, ni yule yule tena. Ni mimi niliyewaambia darasa la sita kwamba mkaguzi wa shule ana jicho la kioo, wakamkodolea macho kutwa nzima hadi mtu wa watu akafunga mkoba wake akaondoka bila kukagua. Hilo ni langu, sikatai. Lakini hili ninaloliandika sasa sikulitia chumvi hata punje. Aliyekuwepo yu hai, anaitwa Lutengano. Mwulizeni. Hatawajibu, lakini mtazameni uso mnapomwuliza, kisha mseme mimi ni mwongo.

Ilikuwa mwaka jana shuleni kwetu, shule ya misheni huku milimani Iringa, mahali ambapo miezi ya baridi ukiacha maji kwenye karai unayakuta asubuhi yameota ngozi ya barafu. Sisi wavulana tulikuwa na mchezo wetu, tuliuita Vita. Nyuma ya bweni, karibu na shimo la udongo wa matofali, tulichora nchi ardhini kwa kijiti, na mito yake na barabara zake, misitu tukaichomeka kwa matawi ya mkaratusi. Askari tuliwafinyanga kwa udongo, kila mmoja kama kidole gumba. Kila mvulana alikuwa na taifa lake, na mwenyewe ndiye anayelitungia kanuni: jeshi linakwendaje, nguvu yake nini, udhaifu wake nini. Wenzake wanazipitisha au wanazizomea. Nani kafa, nani kapona, yaliamua maharage yaliyopakwa masizi upande mmoja.

Na palikuwa na kanuni moja isiyorukwa. Kabla ya vita, jemadari anawaita askari wake kwa majina, mmoja mmoja, naye mwenyewe anawaitikia: "Nipo!" Askari asiye na jina hapigani.

Mimi nilichelewa kuingia mchezoni, mataifa mazuri yote yakawa yamekwenda. Mwingereza ana mwenyewe, Mjerumani ana mwenyewe, Mjapani kachukuliwa na mmoja ambaye mjomba wake alipigana Burma. Lutengano, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, anayecheka kama pampu ya baiskeli, alikuwa na Mrusi. Mrusi wake alikuwa hashindwi. Alikuwa mwingi kama siafu.

"Wewe chukua Vatikani," akaniambia. "Utupigie kengele."

Basi nikajitia kuumwa tumbo, nikaenda zahanati. Huko tunaye Sista mmoja kutoka Ufini, ambaye Kiswahili chake anakipita polepole kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa kwao waliwahi kumkamata Mrusi pabaya. Nikamwuliza. Sista akaacha kupima dawa, akakaa.

Akaniambia kwao ni nchi ndogo ya misitu, na Mrusi aliwaingilia wakati wa theluji. Kaka zake walivaa mashuka meupe, wakafunga mbao ndefu miguuni, wakawa wanateleza kati ya miti bila sauti. Msafara wa Mrusi uliziba barabara nzima, wao wakaukata vipande vipande kama mtu akatavyo nyoka. "Na kwanza tulipiga jiko," akasema.

"Jiko, Sista?"

"Jiko. Mtu mwenye njaa kwenye baridi hapigani, anakaa chini. Akikaa, hasimami tena."

Tumbo langu likapona palepale.

Nilitunga jeshi, jamani! Wachache, lakini kila mmoja balaa. Kwenye theluji wanakwenda mara mbili ya wengine. Wakilala, adui haruhusiwi kuwapiga mpaka wasogee. Wakipiga jiko, adui anakosa zamu. Udhaifu wao: pasipo na theluji wanakuwa kama kuku kwenye tope. Mizigo yao inavutwa na mnyama mwenye pembe kama matawi, kwenye gari lisilo na magurudumu. Wenzangu walizomea gari hilo mpaka wakachoka, kisha wakalipitisha. Majina ya askari nikayachukua kwa watu tunaowajua, na mpelelezi wangu hodari kuliko wote nikamwita Lutengano, ili Lutengano apigwe na Lutengano. Alikasirika kweli.

Ila theluji tungeipata wapi? Sisi theluji tulikuwa tunaijua kwa nabii Isaya tu. Nikaichota jikoni, unga wa mahindi, kofia nzima.

Jumamosi hiyo mchana wenzetu walikuwa uwanjani kwenye mpira. Tulibaki Lutengano na mimi, tufanye majaribio ya mwisho. Nikanyunyiza unga nchi nzima ikawa nyeupe. Upepo ukawa unaupeperusha, basi nikajaza maji mdomoni nikayapuliza juu yake, pfuu, ukashika. Kisha nikasimama, nikaanza kuita majina.

Wewe msomaji wa Iringa umeshaacha kusoma, umeweka mkono mdomoni. Wewe wa kwingine subiri, utaelewa. Mimi sikuelewa. Baba yangu ni mwinjilisti, nyumbani kwetu mambo ya wazee hayasemwi. Mara moja tu, utotoni huko Kilolo, nilichungulia uani nikamwona bibi anafanya kitu asubuhi mapema, baba akanivuta sikio kabla sijaona mwisho wake.

Nikaita, nikaitikia. Nikafika jina la mwisho, nikajibu, "Nipo!" Na nyuma yangu sauti nyingine ikasema, taratibu, "Nipo."

Nikamgeukia Lutengano. "Acha ujinga."

"Ujinga gani? Mimi natafuna muwa."

Kweli alikuwa anatafuna muwa. Ukungu nao ulikuwa umeshuka, ule wa kwetu unaokuja kama mtu anashusha pazia, hata bweni halikuonekana. Mtu akatoka ndani yake. Amevaa gunia lililotobolewa mikono, miguu mitupu, na kichwani ana ngata ya majani, ile ya kuwekea mzigo. Mzigo hana.

Cha kwanza nilichofikiria? Unga. Nikasema huyu katumwa na mpishi. Halafu nikafikiri, la, ni Lutengano kampanga aje aniharibie theluji. Niliwashuku wote wawili pamoja. Kisha nikaona jambo. Lutengano na mimi tulikuwa tunatoa moshi midomoni kwa baridi ile. Mtu yule alikuwa anahema, kifua kinapanda kinashuka, na mdomoni hakutoki kitu.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, baba," tukamjibu. Salamu haichagui mtu.

"Mmeita watu. Nimekuja."

"Tumeita askari," nikasema. "Baba ni askari?"

"Mimi mpagazi." Akainama akalitazama jeshi langu, muda mrefu. "Mizigo ya hawa anabeba nani?"

"Kuna mnyama wao, baba. Anavuta gari lisilo na magurudumu."

"Hata mimi nilimwambia ni uongo," akadakia Lutengano. "Akanitukana."

Mtu hakucheka. "Jeshi lisilo na mpagazi sijaliona. Wazungu walipopigana wao kwa wao tulipita hapa na mizigo yao. Baridi ilitumaliza kuliko risasi. Jioni wakawa wanaita majina ya askari. Ya kwetu hayakuitwa." Akanyoosha mgongo. "Nipange na mimi."

Sasa niambie, ingenigharimu nini? Donge moja la udongo. Lakini mimi ulimi wangu hukimbia mbele, akili inafuata nyuma na mkongojo. Nikasema, "Jeshi limejaa, baba. Labda mmoja atoke."

"Nani?"

"Chagua."

Akaingia katikati ya nchi yangu, akachukua mpelelezi. "Huyu anaitwa nani?"

"Lutengano," nikamjibu, na bado nacheka.

Akamtia chini ya ngata yake, akaondoka upande wa shimo la matofali, ambako njia haipo. Shimo lilikuwa limejaa maji. Tulisikiliza. Hatukusikia kitu. Nikatazama unga aliokuwa amesimama juu yake: laini, haukuguswa, kama ua wa nyumba alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa.

"Ndugu yako huyo wa Kilolo ana wazimu," akasema Lutengano, akacheka ile pampu yake. Katikati ya kicheko meno yakaanza kugongana.

Jioni hakuweza kushika tonge. Usiku tulimbeba zahanati. Sista akamzungushia chupa za maji ya moto, mablanketi, matofali yaliyopashwa jikoni, na mwili ukawa unazidi kuwa baridi. Akamvua soksi. Vidole vya miguu vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Sista aliviangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu kalala kwenye theluji?"

"Sista, hapa hakuna theluji."

"Najua hakuna. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akasema lori la kumpeleka hospitali ya Tosamaganga litakuja kesho, kama njia itapitika. Akasema pia nisimwache asinzie. Watu wa namna hii aliwaona kwao wakati wa vita, waliosinzia hawakuamka. Nikakaa kitandani nikimfinya na kumtukania ndizi za kwao Tukuyu, maana tusi la ndizi huwa halimpiti. Likampita. Hapo ndipo nilipoogopa.

Na katika kuogopa nikamkumbuka bibi uani. Alikuwa kashika bakuli. Unga ulikuwa chini, mweupe. Alichukua maji mdomoni akapuliza, pfuu. Kisha akaita majina ya waliokufa, mmoja mmoja, waje. Ndivyo wanavyoitwa. Mimi nimeyafanya yote matatu kwa mpangilio wake, mchana kweupe, kisha kwa yule mmoja aliyekuja nikasema hakuna nafasi.

Kulipopambazuka nikaenda kule nyuma ya bweni. Ukungu ulikuwa ule ule. Nchi yangu ilikuwa bado nyeupe, na mtu yule alikuwa amechuchumaa katika mstari, palepale alipotoka mpelelezi, magoti kifuani, ametulia kama anayesubiri zamu. Je, nilimwamini? Hata kidogo. Nilisimama mbali, karibu na ukuta wa bweni.

"Baba, nirudishie mwenzangu."

"Ulisema nichague."

"Nilikuwa natania."

"Mimi sijataniwa siku nyingi," akasema. "Nimesahau utani unavyofanywa."

Nikamwuliza anaitwa nani, nimfinyangie wa kwake. Akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko ambayo haipo. "Waliniita wewe," akasema mwishowe. "Wewe, beba. Wewe, simama. Lile la nyumbani limeniponyoka njiani."

Nikamwambia basi nitakupa jina. Na hapa mtanijua nilivyo, maana hata hapo nilijaribu ujanja: nikampa jina la mwalimu wetu wa hesabu.

Akatikisa kichwa. "Toa lako. La mwenzako nimelichoka, huko liliko kuna mwanamke analivuta hanipi nafasi." Sista yule, mikono yake na matofali yake. "Lakini atachoka kabla yangu."

Nilifinyanga donge. Nikampa jina la nyumbani, lile bibi alilonipa siku niliyozaliwa, la babu yake, ambalo shuleni hakuna alijuaye. Alilirudia taratibu, mara ya kwanza akakosea, mara ya pili akalipata. Akatoa mpelelezi chini ya ngata akamweka mahali pake. Nikasimama sawasawa, nikaita jina langu mwenyewe kwa sauti.

"Nipo!" akaitikia. Moshi ukamtoka mdomoni, mzito, mweupe. Akavua ngata, akaiweka chini, akaondoka. Safari hii aliacha nyayo katika unga. Vidole havikutimia kumi.

Nilipofika zahanati Lutengano alikuwa anatoka jasho na anaomba uji. Sista alikuwa amelala kwenye kiti, mikono yake bado imeshika miguu ya Lutengano. Lori lilipofika lilirudi tupu.

Hivyo alipona, na mnaweza kusema mambo yakaisha. Lutengano hasemi hivyo. Tukikutana asubuhi ya baridi hanisalimu mpaka ametazama mdomo wangu kama unatoa moshi. Unatoa. Hata hivyo hasogei karibu, na mimi simlaumu, kwani hata mimi sijui ataona nini siku moja.

Likizo nilikwenda kwa bibi Kilolo. Jioni niko nyuma ya nyumba nachanja kuni, nikamsikia kaniita, lile jina la nyumbani. Kabla sijafungua mdomo, mtu akaitika kutoka kwenye mianzi tunayogema pombe ya ulanzi, kwa sauti yangu, "Nipo!" Tukasikia anakuja, mwendo wa mtu aliyechoka lakini amefurahi kufika. Bibi hakukimbia. Alitazama mianzi, akanitazama mimi, akaingia ndani akatoa kibuyu na kiti cha pili. Jina lile hajaniita tena. Akinitaka ananiita wewe: wewe, njoo, wewe, lete maji.

Basi nawaonya ninyi mnaocheza Vita, maana nasikia mchezo umefika hadi shule za Mbeya. Tungeni majeshi mnayotaka, Wafini, Vatikani, shauri yenu. Wekeni mpagazi, na mpeni jina mapema, kabla hajaja kuliomba. Na mtu akitoka kwenye ukungu akakuomba nafasi, usimwambie jeshi limejaa. Mimi nililisema mara moja tu, na leo bibi yangu ana mjukuu mwingine.