Jina la Kwenye Karte

Huku kwetu Rusizi, na kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nilikokulia, ukishazaa mtoto wa kwanza jina lako linawekwa kando. Unakuwa Maman wa mtoto wako, basi. Ndilo jina nililoandika nilipofungua akaunti yangu ya mtandaoni, na picha niliyoweka ilikuwa ya huyo mtoto, meno mawili nje. Nilijua nini mimi?

Asubuhi moja nafungua simu, akaunti imefungwa. Ati jina langu halionekani kuwa la kweli, nitume picha ya karte ya utambulisho. Nilipiga kelele hadi mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani.

"La kweli ni lipi tena? Watu wote hapa Mururu wananiita hivyo!"

Alicheka. Mimi sikucheka. Mdogo wangu anafundisha shule ndani kabisa ya Kongo, mahali ambapo mtandao hauko. Akishuka mjini anaazima simu ya muntu, ananiandikia kwenye akaunti ile tu. Alikuwa ameahidi kwamba akiandika tena, itakuwa kunipa siku ya kuvuka mpaka aje kwetu. Miaka mingi hatujaonana. Sasa angeniandikia wapi? Niliogopa kweli.

Tukatoka uani kupiga picha ya karte. Mara jua linang'aa juu yake, mara kidole cha mume wangu kimefunika pua yangu. "Afadhali," akasema, maana kwenye ile karte nimekunja uso kama muntu aliyemeza kwinini. Mwishowe moja ikapita.

Akaunti ikarudi, Mungu asifiwe, lakini na jina la kwenye karte: la Kinyarwanda, refu, alilonipa baba na ambalo hata nyumbani hakuna aliyewahi kuniitia chakula nalo. Kulibadilisha tena, nisubiri kwanza.

Wiki chache baadaye mdogo wangu akaandika. Salamu hakuna.

"Weye mwizi! Akaunti ya yaya yangu umeipata wapi?"

"Ni mimi, yaya yako, dada yako mkubwa."

"Jina hili silijui. Sasa hivi utaniomba pesa!"

Nikajaribu kumpigia asikie sauti yangu. Mtandao wake ukakataa, maandishi tu ndiyo yalipita. Nikamtumia picha ya karte. Akajibu kwamba wezi huiba hata karte. Karte ile ile iliyoridhisha mashine ya mtandao! Nilitaka kumchapa na kumbusu kwa pamoja.

"Kama ni weye kweli," akaandika, "ile siku ya mvua ulinibeba mugongoni kutoka masomo. Nini ilianguka?"

Nikaandika: "Kiatu chako cha kushoto. Ulilia mpaka nikakuvalisha changu, nikachechemea hadi nyumbani."

Kisha vicheko vikajaa skrini, na chini yake siku ya kuvuka: Jumamosi, asubuhi.

Jumamosi nilisimama upande wetu wa mpaka na mume wangu nyuma yangu. Mdogo wangu akatokea na begi lake, akaniona, akasimama wima na kunyoosha mkono kama askari wa mpaka.

"Maman, karte!"

Watu wakageuka. Nikavua kiatu cha kushoto, nikakiinua juu. Akatupa begi, akaja mbio, akanipanda mgongoni hapo hapo, na siku hizi ni mzito kunishinda. Nilimbeba hivyo hivyo, mguu mmoja mtupu, hadi kwa mume wangu.