Karatasi ya Mshahara ya Dada Mkubwa

Mvuke unapanda polepole kutoka kwenye pasi, unatanda dirishani, kisha jua la asubuhi linapenya na chumba kizima kinageuka rangi ya maziwa. Katikati ya weupe huo wanawake wawili wanakunja shuka. Wanakutana, vidole vinagusana, wanaachana, wanakutana tena.

“Ukikaa humu sana unaweza kudhani uko mawinguni,” anasema mmoja wao, mwenye duka hili la dobi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Shuka. “Mpaka pasi ikuunguze.”

Kazi yake ni kufua shuka na taulo za nyumba za wageni. Alianza peke yake, kwa beseni, nyuma ya nyumba. Leo ana mashine mbili, kamba za kuanikia zilizojaa paa lote la jengo, na wafanyakazi watatu. Wa kwanza wao ni dada yake mkubwa wa tumbo moja, aliyemlea tangu akiwa mdogo, na anayepiga pasi kana kwamba anabembeleza mtoto.

Mwaka jana nusura ampoteze dada huyo kwa sababu ya karatasi.

Mambo yalianza pale mhasibu wa nyumba moja ya wageni alipoleta kazi kubwa na kuuliza kama wafanyakazi wameandikishwa. Mama Shuka akacheka. “Nikamwambia, dada yangu nimwandikishe wapi, kwani ni gari?”

Mhasibu hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba ukishakuwa na watu unaowalipa, wewe ni mwajiri. Kila mwezi unakata kodi kwenye mshahara wa anayestahili kukatwa, unaifikisha ofisi ya kodi kwa wakati, na kila mfanyakazi unampa karatasi inayoonyesha alichopata, kilichokatwa na kilichobaki. Pesa uliyokata si yako. Umeishika tu.

Mama Shuka alijaza fomu za kujiandikisha juu ya meza ya kupigia pasi, ikiwa bado ina joto. “Neno mwajiri lilinitisha. Niligeuka nyuma nikidhani linamsema mtu mwingine.”

Mwisho wa mwezi akagawa karatasi za mshahara. Wafanyakazi wawili wakasoma, wakauliza, wakaelewa. Dada mkubwa akabaki amesimama, macho yamekwama penye makato.

“Unanikata mimi?” aliuliza. “Mimi niliyekubeba mgongoni?”

“Si mimi, dada. Ni kodi.”

“Basi usiniandike. Nipe mkononi kama zamani. Nani atajua?”

Ni kweli, pengine asingejua mtu. Mama Shuka aliitazama kalamu, akamtazama dada yake, akatikisa kichwa. Dada akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka.

Shuka zikarundikana. Nyumba za wageni zikaanza kupiga simu. Wale wawili walijaribu kushika pasi, lakini mikunjo haikukubali. Kilichomuumiza zaidi Mama Shuka ni kimya cha ile meza. Akilala, anasema, alimwota marehemu mama yao akipita katikati ya nguo zilizoanikwa, akizisogeza kwa mkono, moja baada ya nyingine, bila kufika mwisho.

Jumapili mchana akamfuata dada yake, akamkuta uani akishona kifungo.

“Dada, unakumbuka mama alipougua?”

Alikumbuka. Mama yao aliifulia familia moja mpaka nywele zikawa nyeupe. Mgongo ulipokataa, mabinti wakaenda kuomba msaada. Waliambiwa mlangoni, kwa upole kabisa: “Mama yenu hakuwa mfanyakazi hapa. Alikuwa anatusaidia tu.” Hawakuwa na karatasi yoyote ya kuwaonyesha.

“Nikikufuta kwenye karatasi, na wewe utakuwa unanisaidia tu,” Mama Shuka alimwambia. “Siku ukiumia, na mimi sipo, nani atasema ulikuwa kazini?”

Dada alikata uzi kwa meno. Akashona kifungo kingine mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni.

“Hiyo karatasi inasema mimi ni nani?”

“Mpiga pasi.”

“Mpiga pasi tu? Miaka yote hii?”

Kesho yake alifika kazini kabla ya wote. Karatasi ya mwezi uliofuata iliandikwa: Mpiga Pasi Mkuu. Hana mpiga pasi mwingine chini yake, lakini hakuna anayethubutu kulitaja hilo.

“Kukatwa bado kunaniuma,” anasema dada mwenyewe, macho yakiwa kwenye pasi. “Lakini nikiishika ile karatasi, nalisoma jina langu polepole. Mama angefurahi.”

Biashara haijamtajirisha mtu. Akishalipa sabuni, umeme, pango na mishahara, mwenye duka hubaki na kiasi kisichozidi cha dada yake. Miezi ya mvua hupungua zaidi, kwa kuwa shuka hazikauki.

Ndiyo maana anaweka akiba ya kuezeka sehemu ya kuanikia kule juu ya jengo kwa plastiki inayopitisha mwanga. Anauona tayari akifumba macho: mvua inamiminika juu ya vichwa vyao, nao wanaanika chini yake, wakavu, wakiitazama.

Wakati huo atahitaji watu zaidi. Anawajua anaowataka: wanawake wanaopita mlango kwa mlango wakiomba nguo za kufua, ambao hawajawahi kuandikwa popote.

“Siku ya kwanza,” anasema, “kabla hawajagusa maji, nitawauliza majina yao kamili.”