Mkono Usiopokelewa

Katika nyumba ya bibi yangu, kitu kikitolewa kwa mkono wa kushoto hakipokelewi. Unaweza kumnyooshea kikombe cha chai mpaka mkono ufe ganzi, yeye ataendelea kushona kofia zake kana kwamba hakuna mtu aliyesimama mbele yake. Utabadilisha mkono mwenyewe. Hapo ndipo atainua macho na kusema, "Ahsante, mjukuu wangu," kama vile umeingia sasa hivi. Babu zake walikuja Tabora na misafara, wakanogewa, wakabaki, na katika yote waliyobeba njiani, naapa sheria hiyo ilikuwa nzito kuliko pembe za ndovu.

Sasa mimi nilizaliwa mashoto. Mwiko wa bibi ulilimaliza jambo hilo mapema. Nilipoanza shule nilikuwa nakula, naandika na kusalimia kwa kulia kama watoto wa watu, na ule wa kushoto ukabaki kubeba ndoo tu.

Ukumbi wa mtaa wetu una meza mbili za mpira wa meza. Jumamosi meza hizo hupangwa masufuria ya pilau, maana ukumbi ule ni wa harusi kwanza, michezo baadaye. Kwa hiyo sisi vijana wa klabu tulianza mazoezi ya Jumatatu kwa maji ya moto na sabuni. Palipobaki mafuta, mpira haudundi, unateleza. Mwalimu wetu, mama mmoja Mmoraviani wa Sikonge, mwenye sauti ya kwaya na filimbi asiyoihitaji, alikuwa akituambia, "Anayelalamikia doa, akalalamike kwa bwana harusi."

Nilikuwa mchezaji mzuri, na sioni sababu ya kujidai mnyenyekevu. Lakini mwaka wangu wa kwanza, kwenye fainali ya vijana ya mkoa, binti mmoja wa Urambo alinichapa kama ngoma. Alikuwa mtoto wa wakulima wa tumbaku, ana mabega, ana macho. Aligundua upesi kwamba kona yangu ya kushoto ni dhaifu, basi akawa anapeleka mpira hukohuko, na mimi nachelewa hukohuko. Akabeba kikombe, akapita mbele yangu, akasema, "Pole, dada wa mjini." Pole ile ilinikaa kooni mwaka mzima. Kikombe kile nilikitaka kwa hasira.

Siku moja mazoezini mpira ukaja kwenye kona ileile. Kabla sijafikiri, kibao kikahamia mkono wa kushoto. Mpira ulirudi, ukagusa ukingo wa meza upande wa pili na kumpita mwenzangu akiwa bado anajiandaa.

"Rudia," mwalimu akasema.

"Siwezi, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Bibi."

Hakucheka. Alijua kwamba mtoto wa watu humbadilishi mkono bila kwenda kupiga hodi kwao. Alhamisi jioni akaja nyumbani na kidumu cha asali ya kwao, amejifunga kanga mpya. Akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa mkekani. Wakaongea mvua, wakaongea magonjwa ya miguu, na mimi nyuma ya pazia nasikiliza. Bibi akisema hapana, hakuna wa kumgeuza, na binti wa Urambo atanipa pole nyingine.

"Mama," mwalimu akasema mwishowe, "naomba mjukuu wako acheze kwa kushoto."

Sindano ya bibi ikasimama. "Mwanangu, mkono huo nimeukanya tangu anatambaa. Leo uje uniharibie kazi yangu kwa asali?"

"Mchezo wetu una sheria, mama. Anayeanzisha lazima auweke mpira juu ya kiganja kilicho wazi, mwenzake auone, ndipo aurushe. Akishika kibao kwa kushoto, mpira atautoa kwa kulia. Kila mara."

"Kiganja wazi?"

"Wazi kabisa. Akiuficha, mwamuzi anamnyima pointi."

"Kwa hiyo mwenzake anampa kwa kulia."

"Kwa kulia, mama."

"Na huo wa kushoto kazi yake nini?"

Mwalimu akakohoa. "Kumnyang'anya."

Kisha nikasikia kicheko cha bibi, kile cha kifuani ambacho kwa kawaida hutoka Idi kwa Idi. "Haya," akasema. "Kutoa ndiko nilikomfundisha. Kunyang'anya sikumfundisha, kwa hiyo huko sina sheria."

Basi nikaanza upya kama mtoto mchanga. Wiki za kwanza watoto wadogo wa klabu walinifunga na kunizomea, nami nikawazomea vilevile. Mkono uliokuwa wa ndoo ukaanza kukumbuka. Msimu wa maembe ulipokwisha, hakukuwa na wa kunifunga pale ukumbini.

Fainali mwaka huo ikachezwa kwetu. Bibi alikuja na baibui lake jeusi, akakaa mstari wa mbele kama anayesubiri pilau. Binti wa Urambo akapeleka mpira wa kwanza kwenye kona yake aipendayo. Nilikuwa nimeshafika. Akapeleka tena, nikaurudisha kwa nguvu zaidi, na nikaona uso wake unabadilika. Hata hivyo alipigana, hakuwa mtu wa kuanguka kirahisi. Tukafika seti ya mwisho, nimebakiza pointi moja, mpira ni wangu. Nikafungua kiganja cha kulia, nikamwonyesha mpira. Bibi kwenye kiti chake akatikisa kichwa kukubali. Nikaurusha. Alipourudisha, nikamalizia kwa kushoto, na ukumbi ukalipuka vigelegele ambavyo hakuna bibi harusi amewahi kuvipata pale.

Binti wa Urambo akanipa mkono. "Mwaka jana hicho ulikificha wapi?"

"Nyumbani," nikamwambia.

Nikapewa kikombe. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, nikaenda moja kwa moja kwa bibi na kumpa kwa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa. Hakukipokea. Akawa anarekebisha ushungi wake, anatazama dirishani, kana kwamba hakuna mtu aliyesimama mbele yake. Watu wakaanza kugeuka. Nikahisi uso unapata moto, mpaka nikaelewa. Nikakihamishia kushoto.

Akainua macho, machozi yamemlenga. "Ahsante, mjukuu wangu," akasema, kama vile nimeingia sasa hivi.

Asubuhi yake nikampelekea chai kwa mkono huohuo, najiona bingwa. Nilisimama pale mpaka ikapoa.