Shanga Zilizomwagika Mbioni

Nitatenganisha kwanza. Yapo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na yapo niliyoletewa na vinywa vya watu. Ya kwanza nitayaandika kama yalivyokuwa. Ya pili nitayataja mara moja tu, ili msomaji ajue kwamba niliyasikia nikayakataa.

Kilichonishikisha kalamu ni riwaya za mjukuu wangu. Husoma hadithi za wasichana wa rika lake wanaocheza mpira na kushindana mbio. Nimezisoma kadhaa, kwa kuwa sikemei kitabu nisichokisoma. Katika kila moja msichana huanguka, hulia, huinuka, kisha uwanja mzima humpigia makofi.

"Babu," aliniuliza, "siku zenu wasichana walikuwa wanakimbia?"

Walikuwa wakikimbia. Nilimfundisha mmoja.

Ilikuwa Nakuru, katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa mwalimu kijana katika shule iliyo nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Landhi, kama tulivyoziita, zilikuwa vyumba vilivyoshikamana, na ukuta wa kati haukufika paani. Jirani yangu alikuwa na kazi ya kubadilisha njia za reli treni zinapoingia stesheni. Binti yake mkubwa alikuwa darasani mwangu. Hesabu zilimshinda. Mbio hazikumshinda kamwe. Tangu niwe mwalimu wake sikuwahi kuona mgongo wa msichana mwingine mbele yake.

Mgane mmoja mwenye duka huko kwetu magharibi alikuwa ametuma watu kumposa. Baba hakuwa amejibu. Jioni moja tulikuwa kwenye bomba la maji, wanaume wametoka kazini, wenzake wakaanza kumtania.

"Mzee, huyo swara wako unamfuga mpaka lini?"

"Anangoja apate mbawa!"

"Ng'ombe wa mahari watamfikia wapi na mbio zile? Watakufa kwa kukosa pumzi!"

Walicheka hadi mmoja akamwaga ndoo yake. Baba hakucheka. Alisema, "Jumamosi kuna mashindano. Akiwashinda wasichana wa shule ya Molo, atabaki shuleni mpaka amalize. Akishindwa, ng'ombe waje."

Nilikuwa pale, ndoo mkononi. Binti naye alikuwa pale, akingoja zamu yake, nami nilimwona akitabasamu. Kwa watu wetu, baba aliyetamka neno mbele ya wenzake hali matapishi yake. Binti aliyajua hayo. Alitabasamu kwa sababu wale wa Molo alikuwa amekwisha kuwashinda.

Kabla ya Jumamosi akafika dada ya baba kutoka nyumbani, senge, yaani shangazi mwenye amri juu ya binti za kaka yake katika mambo ya ndoa. Alifuatana na wajumbe wawili wa yule mgane.

Mwalimu wa kike aliyesimamia michezo alikuwa ameamuru wasichana wote wavue shanga za kiunoni siku ya mbio. Asubuhi ile binti alizivua. Najua, kwa kuwa niliyasikia yafuatayo yakipita juu ya ukuta nikinyoa ndevu.

"Nani alikuambia uvue?"

"Mwalimu, senge."

"Mwalimu wako amezaa? Kiuno kitupu ni cha maiti. Wageni watakuwepo uwanjani, wanataka kuona kama umetunzwa. Simama wima. Vuta tumbo ndani nikufunge."

"Senge, zinabana. Nitapumua namna gani?"

"Utapumua ukishaolewa."

Wanawake wengine waliokuwamo chumbani waliangua kicheko.

Uwanjani nilipewa kazi ya kushika uzi wa mwisho wa mbio, mwenzangu mmoja akishika upande wa pili. Kwa hiyo nilikuwa nimewaelekea wakimbiaji, na hakuna aliyekuwa na nafasi bora ya kuona kuliko mimi. Katika mbio za yadi mia mbili na ishirini alitoka nyuma kidogo, kama kawaida yake, akawapita wawili, halafu akampita msichana wa Molo penye kona. Walipoingia sehemu iliyonyooka alikuwa peke yake mbele. Hapo akavuta pumzi ya mwisho, ile ambayo mkimbiaji huiweka akiba, nami nikaona shanga zikimiminika chini ya gauni lake, nyekundu na nyeupe, zikiruka juu ya miguu yake na kutawanyika kwenye majani.

Alisimama.

Msomaji wa leo atauliza kwa nini. Shanga za msichana, kwa watu wetu, hazishikwi na mwanamume ila mumewe. Mwanamume mwingine akiziokota hadharani, msichana amevuliwa nguo. Binti aliinama akaanza kuzikusanya kwa mikono miwili, na wenzake wakampita kushoto na kulia.

"Tukusaidie kuokota, dada!" mtu alipiga kelele.

"Wacha mbio, vaa kwanza!"

Kijana mmoja aliruka kamba, akachukua ushanga mmoja, akauinua juu kama sarafu aliyoipata njiani. Uwanja ukalipuka kwa kicheko, wanawake kwa wanaume. Wajumbe wa mgane hawakucheka. Walikuwa wakizungumza na senge, na senge alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Baadaye ilisemwa kwamba senge aliukata uzi nusu kwa wembe. Wengine walisema ni uchawi wa watu wa Molo. Mimi niliuona uzi ule mkononi mwa binti. Ncha zake zilikuwa zimefumuka na kulegea kama uzi uliovutwa. Hazikukatwa kwa chuma. Uzi ulikatwa na pumzi yake mwenyewe.

Baba alikuja mpaka nilipokuwa. Binti alimfuata, ngumi zake mbili zimejaa shanga.

"Mwalimu, wewe ulishika uzi. Nani ameshinda?"

"Wa Molo," nilisema. Aliniuliza lililotokea, nami nikamjibu lililotokea.

"Baba, nilikuwa mbele," binti alisema. "Waulize wote. Nilikuwa mbele."

"Nilisema akishinda. Sikusema akiwa mbele."

Wiki iliyofuata nilikwenda stesheni pamoja na jirani yangu, aliyekuwa akimsindikiza binti yake na senge wakirudi nyumbani. Binti alikuwa ameketi dirishani katika daraja la tatu, amevaa gauni jipya, kichwa kimefungwa kitambaa. Senge alikuwa mchangamfu.

"Mwalimu, safari hii nimemfunga kwa uzi wa ndoano, wa wavuvi," aliniambia. "Hata akikimbia mpaka Kisumu, haukatiki!"

Baba wa binti alicheka. Binti aliniangalia.

"Mwalimu, treni inasimama Molo?"

"Inasimama."

"Yule msichana namshinda."

"Kaa sawa, mke wa watu," senge alisema.

Yaliyompata huko alikokwenda nimeyasikia kwa njia tatu zisizopatana, na sitaandika hata moja. Treni ilipoanza kusogea alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akipumua kwa pumzi fupi fupi za juu ya kifua. Hilo nililiona.