Ufunguo wa Pili

Siku ya kwanza Mama Gharika alipoingia katika yadi ya Bei Moja, alikuja na futi ya kushonea shingoni na ndoo ya maji ya sabuni mkononi. Wateja wa vitu vilivyotumika huja na maneno. Huyu alikuja na maji.

"Nataka mpira wa ndani wa tairi la lori," alisema. "Wenye kiraka sitaki."

Bei Moja alimtolea mmoja, akaujaza upepo, akaupiga makofi mawili ya kuusifia. Mama aliivuta ndoo karibu. Alichovya kitambaa ndooni, akaupaka mpira wote mapovu kama anayemwogesha mtoto, kisha akachuchumaa kuutazama. Karibu na pua ya kujazia upepo vipovu vitatu vikainuka.

"Huu unapumua."

"Unapumua kidogo tu, mama."

"Hata anayekata roho hupumua kidogo tu. Lete mwingine."

Alipaka mipira minne. Wa tano ukanyamaza kimya, ndipo bei ikaanza.

Jina la Bei Moja alipewa na wenzake sokoni kwa kejeli, maana kitu kimoja kwake kilikuwa na bei tatu kabla ya adhuhuri. Kazi aliianza kwa kuokota vyuma, gunia mgongoni, na ile yadi ya juu kilimani hakurithishwa na mtu. Mteja aliyempenda kuliko wote ni yule mwenye hofu, kwa sababu mwenye hofu haulizi bei mara mbili. Mama huyu alikuwa na hofu, ila hofu yake ilikuwa imekwenda shule. Hakulia ugumu wa maisha. Alitaja kasoro tu, moja baada ya nyingine, na kwa kila kasoro akaikata bei kipande, kama anayepunguza pindo la sketi. Mwishoni Bei Moja alijikuta anacheka peke yake, kwa hasira na kwa raha.

"Na huu mpira ni wa nani, mama? Una lori?"

"Wa mume wangu. Upande mmoja wa mwili wake umelala. Maji yakija hawezi kukimbia, basi ataelea."

Maji gani, Bei Moja hakuuliza. Bondeni kote walimjua mshonaji huyu wa sare za shule, na jina la Mama Gharika walimpa wao. Miaka kumi na moja nyuma mto uliingia nyumbani kwake, alipokuwa amepanga katika mtaa mwingine, ukachukua cherehani, vyeti vya mtoto na dawa za mumewe. Alimwona jirani anakimbia na televisheni kichwani huku ameacha nyuma kadi yake ya kliniki. Tangu siku hiyo alishona kwa mkono mmoja na kwa mwingine akajiandaa. Kuhama bonde hakuweza, kodi ya kilimani ilikuwa si ya sindano.

Akawa anakuja kila mwezi. Alinunua kamba, akaifunga fundo kila urefu wa mkono ili kiganja kilicholowa kipate pa kushika. Alinunua madumu yenye mfuniko wa kuzungusha, akaeleza bila kuulizwa kwamba maji ya kunywa atayabadilisha kila Jumapili, kwa kuwa mafuriko huleta maji mengi na hakuna hata funda la kunywa. Alinunua tochi, filimbi, pampu ya mguu, matofali ya kuinulia meza yake ya kukatia vitambaa.

"Mama, wewe unafungua duka kunipinga?"

"Ningefungua ungekuwa mteja wangu, na ningekulangua."

Bei Moja alikuwa na wateja wakubwa kumpita, wajenzi wa magorofa. Lakini ikifika tarehe za mwisho wa mwezi alijikuta anafagia mbele ya yadi.

Nyumbani kwake alifika mara moja, siku ya sanduku. Lilikuwa sanduku la chuma la kampuni ya upimaji ardhi, lina mpira mweusi ukingoni mwa kifuniko, na komeo lake Bei Moja alilichomelea upya mwenyewe. Alilisukuma kwa mkokoteni hadi bondeni, katika nyumba ya vyumba vitatu vinavyofuatana kama mabehewa. Ukutani palikuwa na mstari wa rangi nyekundu, usawa wa kifua: mwenye nyumba alikuwa amemwonyesha mshonaji maji yalipofika safari iliyopita. Chini ya mstari ule hapakuwa na kitu cha thamani. Hata soketi ya umeme aliihamishia juu.

Mumewe, dereva wa greda aliyestaafu, alikuwa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha la nondo, mkono wa kushoto umemlalia pajani.

"Umeleta jeneza langu, kijana?"

"Sanduku la vyeti, mzee."

"Basi vyeti vina bahati. Mimi nimeendesha greda miaka ishirini na mitatu, sasa mke wangu ananiambia nitaendesha tairi moja tu, tena bila leseni."

Mke wa mtoto wao alicheka jikoni. Mtoto mwenyewe alikuwa kazini mbali. Nyumba ilikuwa ya hao watatu. Mama Gharika akapuliza filimbi mara tatu ili muuzaji aone zoezi lao la mafuriko. Yule mke wa mwanawe akaacha sufuria, akaruka kuzima swichi kuu, akarudi kwenye kapu pembeni ya mlango kuchukua mpira na pampu. Mpira ulikuwepo. Pampu haikuwepo.

"Iko wapi?"

"Jirani ana baiskeli, mama. Alisema atairudisha jana."

Tochi ilikuwepo, betri zilikuwa ndani ya redio. Kamba ilikuwa uani, imeanikwa nguo. Nyundo iliazimwa na watu wawili kwa zamu, na maji ya dumu la Jumapili yalikuwa yamefua mapazia.

Mama Gharika alisimama katikati ya chumba na filimbi mkononi.

"Ndivyo wanavyonila," alisema. "Kidogo kidogo, kwa heshima na shikamoo."

"Tia kila kitu sandukuni, mama. Upige kufuli."

"Na kufuli utanipa nyongeza."

"Nyongeza! Nimesukuma mkokoteni kilomita mbili."

"Kushuka mteremko. Mkokoteni ulijisukuma wenyewe."

Kufuli alilotoa mfukoni lilikuwa la shaba, zito kama jiwe la mizani, la aina ambayo haiuzwi tena madukani. Aliliachia. Lakini funguo zilikuwa mbili katika kipete, na hapo tumbo lake la biashara likagoma. Alikuwa ameshinikizwa tangu asubuhi. Akachomoa mmoja, akampa, wa pili akaurudisha mfukoni.

"Huo je?"

"Huu si nyongeza. Huu una bei."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya kipuuzi, na wote wawili walijua. Mama Gharika akamtazama, akatabasamu kwa pembe ya mdomo.

"Utashuka."

"Sishuki."

"Nitakuona mwezi ujao, baba."

Vitu viliporudi alivifungia vyote sandukuni, akatia ufunguo wake kwenye futi, ukaning'inia kifuani. Mwezi uliofuata alikuja, akataja nusu ya bei. Bei Moja akakataa, akachezesha ufunguo kidoleni mbele yake. Mwezi wa pili akaja na habari kwamba fundi funguo amemwambia chuma cha kuchongea ufunguo wa aina hiyo hana. Hilo Bei Moja alilifurahia, akapandisha kidogo. Mama naye akacheka, akasema yeye hana haraka, bado masika iko mbali. Ukawa mchezo wao. Ufunguo ulikaa kwenye droo ya Bei Moja, juu ya stakabadhi, na kila akifungua droo aliuona akajisemea kwamba safari hii mshonaji atainama yeye.

Mvua ilikuja kabla ya masika, siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi.

Mama Gharika alikuwa amevuka mto kupeleka sare katika shule ya ng'ambo. Kufikia saa nne maji yalikuwa juu ya daraja na watu wa usalama wameweka kamba. Alisimama upande ule na futi shingoni na ufunguo kifuani, anatazama bonde lake likigeuka rangi ya chai.

Bei Moja kule juu aliukumbuka ufunguo mapema. Alifungua droo, akauona, akaufungia tena ndani. Nje alikuwa na mifuko sabini ya saruji, iliyoshushwa jana yake, na turubai moja lenye matundu. Alijiambia mama mwenyewe yuko nyumbani, na mtu aliyejiandaa kama yule hahitaji kukimbiliwa. Akavuta turubai, akapanga mabati juu yake, akaweka mawe, akachimba mfereji pembeni. Mfuko hata mmoja haukulowa. Ndipo akauchukua ufunguo akateremka.

Alifika maji yakiwa kifuani mwake. Yule mke wa mtoto wa mama alikuwa juu ya paa la jirani, ameshikwa na wanaume wawili asiruke.

Habari yote mkwe huyo aliisimulia baadaye, kwa mpangilio, kama aliyefundishwa vizuri. Alizima swichi kuu. Alikwenda kwenye sanduku. Alipiga kufuli kwa mchi, kisha kwa jiwe. Nyundo ilikuwa ndani, imefungiwa isiazimwe. Alijaribu kuinamisha sanduku kwenye ukingo wa mlango ili komeo livunjike, halikuvunjika. Alimvuta mzee hadi juu ya meza ya kukatia, ile iliyoinuliwa kwa matofali. Maji yalipopita mstari mwekundu mzee alimwambia atoke akaite watu.

"Nikamwambia, baba, siwezi kukuacha. Akaniambia, nenda, mwanangu, meza nitaiendesha mwenyewe."

Alitoka. Mlango wa mbele ukasukumwa na maji, ukajifunga nyuma yake, na wanaume watatu hawakuweza kuufungua.

Walimkuta mzee jioni, maji yalipopungua. Sanduku lilikuwa palepale. Mama Gharika alipoletwa, miguu mitupu, alipiga magoti kwenye tope akalifungua kwa ufunguo wake. Vyeti vilikuwa vikavu. Dawa za mzee za wiki moja zilikuwa kavu. Mpira ulikuwa umekunjwa vizuri na pampu juu yake. Mke wa mwanawe aliwasha taa ya mafuta kwa kiberiti cha mle ndani, na kijiti cha kwanza kikashika.

Baada ya hapo Bei Moja aliuza kama hajawahi kuuza. Bonde lote likapanda kilima: waliomcheka mshonaji walitaka kamba, madumu, filimbi, masanduku ya chuma, na hawakuuliza bei mara mbili. Saruji iliisha kwa siku nne. Alimwajiri mtu wa kupima misumari.

Mama Gharika alikuja wiki ya tatu. Ndoo hakuwa nayo. Aliweka kufuli la shaba juu ya kaunta.

"Mama, pole sana. Nilifika, sema—"

"Niliambiwa ulifika. Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

"Kutoka hapa hadi kwangu ni mwendo gani?"

"Dakika ishirini. Siku ile labda nusu saa."

"Na mvua ilianza saa tatu."

Uongo ulikuwepo, tena wa aina nyingi; alikuwa mtu wa kazi hiyo. Hakuutoa.

"Nilikuwa nafunika saruji."

Mama Gharika alitikisa kichwa taratibu, kama aliyekuta kipimo alichokitarajia.

"Ilipona?"

"Ilipona, mama."

"Vizuri." Akaifuta kaunta kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Na mimi ningeulipia ule ufunguo mwezi wa kwanza, mzee angekuwa ananitania sasa hivi. Nilikuwa nasubiri ushuke. Ulete."

Bei Moja alifungua droo, akautoa, akausukuma mbele yake. "Chukua tu. Huu hauna bei."

"Una bei. Uliitaja mbele ya mume wangu." Akazihesabu noti, bei ya kipuuzi ile ile ya siku ya sanduku, zikiwa zimenyooshwa kwa pasi. "Usinipunguzie. Ukinipunguzia leo nitakutukana, na mimi sijazoea kutukana."

Alichukua funguo zote mbili na kufuli. Mmoja aliutundika msumarini juu ya mlango, mke wa mwanawe anapofikia, na kwa majirani walioendelea kuja kuazima nyundo alikuwa anajibu neno moja tu, hapana, bila shikamoo wala marahaba. Filimbi bado anaipuliza Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Siku hizi mtaa mzima unatoka nje, wanahesabu dakika. Yeye hatoki nao. Anabaki ndani pembeni ya kile kiti cha mbao, anasubiri wamalize.

Bei Moja sasa huuza kila kufuli na funguo zake zote, zimefungwa kwa waya, na wateja humsifu kwa hilo. Mshonaji bado ni mteja wake, maana betri huisha na kamba huoza. Huja mwisho wa mwezi, hutaja anachotaka, husikia bei, hulipa. Bei Moja amejaribu kumpandishia mara mbili, tena mara tatu ya thamani, kwa makusudi kabisa, akisubiri asikie kasoro hata moja. Mama hulipa hiyo hiyo, hufunga mzigo wake, huteremka.