Jiwe la Mjomba kwenye Banda la Kuku

Ilianza Jumanne moja ya Julai, saa tatu na robo asubuhi, mwalimu wa Kemia alipouliza nani ameleta jiwe asilolijua. Nilinyoosha mkono. Mimi, ambaye tangu Kidato cha Kwanza nilikuwa naitika "nipo" kwa sauti ya panya! Nadhani ilikuwa hasira, kwa jinsi mjomba alivyokuwa akichekwa.

Jiwe lilikuwa la mjomba. Alikaa miaka minne kwenye machimbo ya bati Karagwe, akarudi kwetu Somanda na jiwe moja jeusi la kujaa kiganja. Ndiyo miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na mizani zao, na vijana wengine walikuwa wakirudi kutoka machimboni na baiskeli, na redio. Fundi baiskeli wa barabarani hakumwacha mjomba apumue: "Mzee, lile jiwe limeshazaa?" Mjomba akaanza kupita njia ya nyuma, kwenye mabua ya mahindi. Jiwe lenyewe bibi akalifanya la kuzuia mlango wa banda la kuku.

"Chuma hicho," mvulana mmoja alisema kutoka nyuma. Mwalimu akanipa kikombe kilichovunjika.

"Likwaruze hapo, tuone rangi ya unga wake."

Nikalikwaruza ubavuni mwa kikombe, penye kung'aa. Hakuna kitu.

"Bubu kama mwenyewe!" yule mvulana akasema, darasa likacheka. Masikio yaliniwaka. Lakini vyombo nyumbani naosha mimi. Najua kitako cha kikombe hakina ule mng'ao, kinaparuza vidole. Nikakigeuza, nikakwaruza tena. Ukatoka mstari wa kahawia iliyokolea, karibu mweusi.

"Jiwe la chuma la kawaida lingetoa wekundu," mwalimu alisema, sasa amesogea. "La bati, weupeweupe." Kuna chuma kinachotoa weusi, akaongeza, ila hicho hunaswa na sumaku. Akaleta sumaku, ikateleza. Tukalipima kwa mizani ya springi: hewani gramu mia sita, ndani ya maji mia tano.

"Kwa hiyo?"

Maji yamepunguza gramu mia moja. Nikagawa mia sita kwa mia moja kichwani.

"Ni zito mara sita kuliko maji ya ukubwa wake," nikasema. Sauti yangu ilifika mpaka dirishani.

Mwalimu akafungua kitabu chake cha chuoni, akaandika ubaoni: kolambaiti. Ndani yake mna madini ya niobiamu. Ukitia kidogo kwenye chuma cha pua, kinakuwa imara bila kuongezeka uzito. Hutumika kwenye mabomba makubwa na injini za ndege. Nikamwambia nani aliyelileta. "Mwambie mjomba wako ana jicho la kutambua mawe," alisema.

Nilikimbia mpaka nyumbani.

"Injini za ndege?" mjomba aliuliza.

"Kidogo tu, mjomba. Kama chumvi kwenye mboga."

Akakaa chini. "Mayu, mama yangu, wenzangu walilitupa. Mimi nikarudi kuliokota, nimependa uzito wake." Kisha akacheka, kicheko nisichokisikia tangu arudi.

Asubuhi iliyofuata niliweka tofali kwenye banda mahali pa jiwe, nikaliosha jiwe, nikamwomba mjomba anisindikize shule. Kwa barabara ya mbele.

"Mwangaluka!" fundi akatusalimia. "Limeshazaa?"

Mjomba alitaka kupita. Mimi nilisimama, nikamtia fundi jiwe kiganjani, mkono ukashuka.

"Limezaa," nikamwambia. "Naomba kikombe chako."

Alikuwa ameshamaliza chai. Nikakigeuza, nikamchorea mstari kwa jiwe.